Tapeti za Fundi Sikio

Mteja yeyote aliyeingia gereji ile alitukanwa kwanza, ndipo akahudumiwa. Watu walishazoea. Mwenye haraka alisema mapema kabisa, akiwa bado mlangoni, "Fundi, leo nitukane upesi, nawahi kazini," naye Fundi alimtukana upesi, kisha akainama kwenye injini na kuitengeneza.

Jina lake la kuzaliwa hakuna aliyelijua isipokuwa mkewe, na mkewe naye halitumii. Mtaani aliitwa Fundi Sikio. Kazi yake ilikuwa pikipiki za zamani tu, zile ambazo injini zake hupozwa na upepo, zenye silinda iliyozungukwa na mbavu nyembamba za chuma ambazo mafundi huziita mapezi. Upepo unapita katikati ya mapezi, unabeba joto, basi, safari inaendelea. Hakuna rejeta, hakuna pampu, hakuna kompyuta ya kukuwashia taa nyekundu kama umeiibia. Pikipiki za kisasa zenye kupozwa kwa maji alizifukuza pale pale getini.

"Injini inayokunywa maji," alisema, "siku moja itakukojolea njiani. Mpelekee daktari. Mimi ni fundi."

Jina la Sikio alilipata kwa ajili ya tapeti. Kwa asiyejua, na siku hizi wasiojua ni wengi kuliko mchanga: juu ya silinda kuna valvu mbili, moja inaingiza hewa na petroli, nyingine inatoa moshi. Kila valvu ina kidude cha kuisukuma, na kati ya kidude na valvu lazima ibaki nafasi ndogo sana, kiasi cha unene wa ukurasa wa gazeti. Hiyo ndiyo tapeti. Ikibana, valvu inaungua. Ikilegea, inagonga, inakula chuma, na siku usiyoitaka inakuacha barabarani ukiisukuma. Mafundi wengine huzima injini, wakaiacha ipoe, wakachukua fila, vile vibati vyembamba vya kupimia, wakavipenyeza hapo katikati wamekunja uso kama mtu anayetoa mwiba. Fundi Sikio alikuwa hafanyi mambo hayo. Yeye aliiacha injini ikinguruma, akafungua kifuniko, mafuta ya moto yakimrukia usoni wala hapepesi jicho, akaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye silinda na mpini wake sikioni, halafu kwa mkono mwingine akazungusha skrubu ya tapeti polepole hadi igonge kidogo tu, tik tik tik. Hapo akaifunga kwa nati. Watu walikuwa wakija kutazama, na wengine hawana hata baiskeli.

"Fila ni ya vipofu," alisema akiwatemea mate chini. "Mwenye masikio ana haja gani ya kupapasa?"

Dharau yake haikubagua. Kinyozi wa njia panda alileta pikipiki iliyokuwa ikichemka na kuzimika. Kumbe bwana mkubwa ameipaka silinda nzima rangi nyeusi nzito ya kung'aa, mapezi yote yameshikana, kisha akaifungia kava la plastiki kwa mbele eti isiingie vumbi. Fundi Sikio alimwangalia yeye, si pikipiki.

"Wewe ukisikia joto unajifunika blanketi?"

"Hapana, Fundi."

"Basi mnyama huyu kakukosea nini?"

Muuza mikate naye alimimina oili ya gari, klachi ikaanza kuteleza, injini inapiga kelele na tairi halina habari. "Umelainisha kitu kilichoumbwa king'ang'anie," Fundi alimwambia mbele ya watu. "Na mikate yako unaiokea kwa sabuni?" Wale waliovua boksi la filta na kuondoa bomba la kupunguza sauti ili pikipiki ingurume kiume, wakaja wakilia pistoni imetoboka, hao hata maneno hakuwapotezea. Aliwaonyesha tundu, akasema, "Hewa umeijaza, petroli umeinyima, ikaungua. Debe tupu haliachi kuvuma," akaingia ndani kunywa maji.

Lakini kati ya viumbe wote aliowadharau, hakuna aliyemdharau kama jirani yake wa ng'ambo ya barabara. Huyo alikuwa na gereji ya kupamba pikipiki. Alikata chesisi, akashusha viti, akapandisha usukani, akazifunga ekzosi bandeji, akachora moto kwenye matangi. Fundi Sikio ndiye aliyembatiza jina la Saluni, na jina likashika hadi mwenyewe akaliandika ukutani. "Yule si fundi, ni msusi," alisema. "Pikipiki inaingia kwake na akili zake, inatoka na wanja." Aliyasema hayo kwa sauti ya kuvuka barabara. Saluni hakujibu hata siku moja. Kila asubuhi akifungua mlango alipunga mkono: "Shikamoo, mzee!" Na Fundi aliitikia marahaba kwa namna ambayo wengine hutukania.

Sasa sikilizeni, na msiniletee ile methali ya sikio la kufa, maana mtaa mzima umeshaimaliza. Huyu bwana alikuwa anakuwa kiziwi.

Miaka yote ya kujilaza ubavuni mwa ekzosi zilizo wazi ilikuwa imemlia masikio kidogo kidogo, na haikuanza na sauti nene. Sauti za watu alizisikia, ila aliona watu wa siku hizi wanakula maneno, akawagombeza wafungue midomo. Kilichoondoka ni zile sauti nyembamba. Siku moja nati ilimponyoka, akaiona inaanguka kwenye sakafu ya saruji, akaiona inaruka na kubingirika, na isilie. Aliiokota. Akaiangusha tena kwa makusudi, akainamisha kichwa, akasubiri. Kimya. Alitazama huku na huku kama kuna aliyemwona, akaitia mfukoni.

Kwa hiyo alijua. Asije mtu akawadanganya kwamba hakujua. Alijua na akaficha, kwa sababu mtu anayeitwa Sikio akikosa masikio anabaki kuwa nani? Mikono wanayo wengi. Spana wanauziwa hata wapumbavu. Yeye alikuwa na kitu kimoja tu ambacho wengine hawana, na juu ya hicho kimoja alikuwa amejenga dharau yake yote, ghorofa juu ya ghorofa. Kikijulikana kimekwenda, jengo lote litaanguka, tena mbele ya kinyozi na muuza mikate.

Akaendelea kama kawaida. Bisibisi sikioni, mafuta usoni, skrubu ikizungushwa polepole hadi igonge kidogo. Tatizo ni kwamba ile tik tik nyembamba haikumfikia tena. Basi alilegeza. Haigongi? Akalegeza tena. Hata ilipomfikia, nyembamba na ya mbali jinsi aliyoizoea, kumbe huko nje inalia kuliko kengele ya shule. Yeye akatabasamu, akaifunga hapo hapo, akamwambia mwenye pikipiki aondoe takataka yake.

Mwanzoni pikipiki za Fundi Sikio zikawa zinajulikana kabla hazijatokeza kona: ungedhani mtu anakuja akitikisa mfuko wa misumari. Kila mtu alizisikia isipokuwa yeye. Na hakuna aliyemwambia. Nani angemwambia? Wewe ungeweza? Mtu umekuja kutengenezewa, umeshaitwa mpumbavu mara mbili, utapata wapi ujasiri wa kusema kazi yake mbovu? Walishukuru, wakapiga kiki, wakaondoka wakigongagonga. La ajabu ni kwamba baadaye walirudi, na waliporudi pikipiki zao zilikuwa nzima, na hakuna aliyelalamika. Fundi akaona, ahaa, basi hata bila masikio mimi bado ni mimi. Dharau ikanenepa.

Sasa huyo mkewe. Pale mbele ya gereji kulikuwa na kibanda cha vipuri, plagi, gasketi, cheni, nyaya za klachi, na ndani yake alikaa mama mmoja mnene mtulivu ambaye mtaa ulimwita Mama Spea. Huyo ndiye mkewe. Alikuwa anajua ukubwa wa kila gasketi kwa kuigusa tu gizani mwa rafu, lakini mumewe alimhesabu kuwa sehemu ya kibanda. Zamani kidogo, pikipiki zilipoanza kugonga, alimwambia kwa upole, "Baba watoto, ile ya muuza mikate imetoka inalia." Fundi akacheka hadi wateja wakageuka. "Jamani njooni mmsikie! Siku muuza plagi atakaponifundisha tapeti, nitafunga gereji nikauze karanga." Watu wakacheka. Mama Spea naye alitabasamu, akarudi kupanga plagi zake, na tangu siku hiyo hakusema tena kitu kuhusu injini.

Mambo yalilipuka kwa sababu ya koti la mvua.

Kulikuwa na mkunga, mwanamke wa makamo, mwenye pikipiki ya zamani ya silinda moja iliyompeleka nyumba hadi nyumba kwa wajawazito. Huyo Fundi alimheshimu kwa kiasi chake, yaani alimtukana mara moja tu kila alipokuja. Asubuhi hiyo alimrekebishia tapeti, akamwambia aache kuendesha kama anakimbizwa na nyuki, mkunga akashukuru akaondoka. Baadaye kidogo Fundi akageuka akaliona koti lake la mvua limesahaulika kwenye benchi, na mawingu yamekwisha kutanda. Akalichukua akatoka nalo mbio. Barabarani hakumwona. Mshona viatu aliyekaa pale kona akasema, bila kufikiri, "Mkunga? Si yuko kwa Saluni, mlango wa nyuma," halafu akaweka mkono mdomoni.

Fundi akavuka barabara. Akapita uchochoroni, akasukuma geti la mabati, na aliyoyaona yalimsimamisha. Pikipiki ya mkunga imesimama kivulini, kifuniko cha tapeti kiko chini juu ya kitambaa safi. Mkunga ameketi kwenye kigoda anakunywa chai akisubiri injini ipoe. Na Saluni, yule msusi, amechuchumaa anafuta fila kwa kitambaa, moja moja.

"Mwizi!" Fundi alipiga kelele. "Mwizi wa wateja! Hujui kufungua injini yako, unafungua niliyoifunga mimi?"

Saluni akasimama. "Shikamoo, mzee."

"Shikamoo yako ipake wanja!"

Mkunga akaweka kikombe chini. "Fundi, usimtukane. Nimekuja kwa miguu yangu."

"Kufanya nini? Si nimekutengenezea sasa hivi?"

"Inagonga, Fundi."

"Haigongi!"

"Inagonga, na imeanza zamani. Mara ya kwanza nilinyamaza kwa kuogopa mdomo wako. Ikaniharibikia njiani, na mimi naitwa kwa mama mwenye uchungu. Nilifika nikakuta ameshajifungua sakafuni, peke yake, kitovu bado hakijakatwa, mtoto amekuwa wa bluu. Alipona kwa kudra ya Mungu, si kwa kazi yangu wala yako. Tangu siku hiyo nikitoka kwako napita hapa."

Fundi akamgeukia Saluni. Alitaka kuona kicheko. Angekiona kicheko angejua la kufanya, maana kicheko cha dharau alikijua tangu ujana na dawa yake alikuwa nayo. Lakini yule kijana alikuwa anaangalia chini, na anapindisha kile kitambaa mikononi kama mtu aliyefika msibani akakosa maneno.

"Ni yake tu," Fundi akauliza, "au na nyingine?"

Saluni akameza mate. "Zote, mzee. Zikitoka kwako zinapita hapa nyuma. Mimi si kwamba nakushinda. Nazipima tu na fila, basi."

"Mficha uchi hazai, Fundi," mkunga akasema, na safari hii hakuwa mkali. "Masikio kuzeeka si aibu. Ungesema."

"Nani aliyekuonyesha njia ya huku?"

Mkunga akachukua koti lake kutoka mkononi mwa Fundi. "Muulize mkeo."

Fundi alivuka barabara bila kutazama magari, akapigiwa honi na wala hakugeuka. Mama Spea alimwona anavyokuja, akajua. Aliacha alichokuwa akifanya, akaweka mikono juu ya meza ya kibanda.

"Ni wewe unayewapeleka watu kwa Saluni?"

"Ni mimi."

"Unaniaibisha? Mke wangu wa ndoa?"

"Nilikuwa nakusitiri. Nikiuza plagi namnong'oneza mtu, pita nyuma kwa Saluni akuangalizie. Ningefanyaje? Niwaache wakafe barabarani na jina lako mdomoni?"

"Ungeniambia mimi!"

"Nilikuambia." Hapo sauti yake ilipanda, na mshona viatu kule kona akaacha kushona. "Nilikuambia mbele ya watu ukanifanya kichekesho. Wewe unaambilika? Nani katika mtaa huu amewahi kukuambia kitu ukakipokea? Hata mama yako alikufa hajathubutu."

"Mnasema uongo wote. Mnataka kunizeesha niondoke hapa. Masikio yangu mazima."

"Haya. Washa yako."

Pikipiki yake mwenyewe ilisimama pale pembeni, kuukuu, safi, haijawahi kuguswa na mkono wa mtu mwingine. Mama Spea hakutoka kibandani. "Bana tapeti hadi inyamaze," alisema, "halafu legeza. Mimi nikisikia imeanza kugonga nitanyoosha mkono. Wewe ukisikia, acha."

Fundi akapiga kiki, injini ikanguruma. Akafungua kifuniko, akaweka bisibisi, akabana, akaanza kulegeza, kidogo kidogo, kwa ule ustadi ambao watu walikuwa wakija kuutazama. Mara mkono wa Mama Spea ukapanda. Fundi akasikiliza. Hakusikia kitu. Akamtazama mkewe kwa jicho la wewe unanichezea, akaendelea kulegeza. Mkono uko juu. Akalegeza tena, mafuta yakimtiririka shavuni. Mkono uko pale pale, haujashuka. Mshona viatu alikuwa amesogea, na kinyozi, na wengine wawili watatu, na kila mmoja alikuwa amekunja uso kwa kelele ile, mmoja ameziba sikio lake. Fundi akaliona sikio lililozibwa. Ndipo, mbali sana, nyembamba sana, ikamfikia: tik tik tik.

Akazima injini. Akakigusa kile kidude kwa kidole, kikacheza huku na huku kama jino la mtoto linalotaka kung'oka.

Mama Spea akashusha mkono, maana ulikuwa umechoka.

"Nani anajua?" Fundi akauliza, akiwa ameinamia injini.

"Wote."

"Na yule wa mikate?"

"Nimesema wote."

"Wananicheka?"

Mama Spea angeweza kumdanganya. Siku nyingine angemdanganya. "Mwanzoni walicheka," alisema. "Siku hizi hawacheki. Wanakuonea huruma."

Hilo ndilo lililomwingia. Angewavumilia wakimchukia, alikuwa ameishi na chuki yao vizuri tu. Lakini kumbe kinyozi alipokuwa ameinamisha kichwa akiitwa mjinga, hakuwa ameinama kwa woga. Muuza mikate alipokuwa akishukuru, alikuwa anamshukuru kama unavyomshukuru mgonjwa aliyekukaribisha kando ya kitanda chake. Walikuja, wakayapokea matusi yake wakiwa wamekwisha kumsamehe kabla hajayatoa, wakavuka barabara kimyakimya kwa yule msusi wa wanja. Nyani haoni kundule, sawa, lakini huyu alikuwa ameonwa na mtaa mzima, nao wakamfunika kwa adabu.

Fundi akainuka. Akafuta bisibisi kwa shati lake, akaenda hadi kibandani, akamnyooshea mkewe.

"Shika."

"Nishike nini?"

"Zipime wewe. Hizi zangu."

Mama Spea akamtazama kama anayemtafuta mzaha usoni, asiuone. Akajifuta mikono kwenye kanga, akachukua pakiti ya fila kutoka rafuni, akaifungua kwa meno, akatoka nje. Waliokuwa wamesimama wakampisha. Akainama penye injini, akagusa mapezi kwa ncha ya kidole, akakivuta upesi akakipuliza. Kisha akanyooka, mkono mmoja kiunoni, akamgeukia mumewe, na alipofungua mdomo ilitoka sauti ile ile ya mumewe, yenye dharau ile ile, barabara nzima ikiisikia.

"Fundi gani wewe unataka kupima tapeti injini ikiwa ya moto? Ulifundishwa na nani? Kaa chini hapo usubiri ipoe."

Kinyozi alibana pumzi. Fundi Sikio akakaa chini.